KUANDIKA SI KUHIFADHI

Katika kurasa hizi tumezoea kubishana juu ya vina na mizani, juu ya usanifu wa lugha, na juu ya istilahi zipi zipokelewe na zipi zikataliwe. Safari hii naomba nafasi ya kuanzisha ubishi juu ya vitenzi viwili tu, "kuandika" na "kuhifadhi", kama vinavyotumiwa katika kompyuta. Nadai kwamba vitenzi hivyo vimepotoshwa na wale wanaotunga maktaba za lugha za kompyuta. Kwamba upotoshaji huo unawagharimu watu kazi yao ya siku nyingi. Na kwamba dawa yake haina budi kuanzia katika lugha kabla ya kufika katika ufundi.

Wako watakaouliza mwalimu wa Kiswahili ametoka wapi na mambo ya diski. Nawajibu kwamba lugha ya kompyuta, pamoja na ugeni wake, ni lugha: ina msamiati, ina sarufi, na wako wanaoielewa vibaya. Tena programu inapomwandikia mtu kwenye skrini "Faili limehifadhiwa", imetoa sentensi kamili ya Kiswahili. Sentensi hiyo ama ni ya kweli ama ni ya uongo. Sisi ambao kila siku tunawafundisha vijana kazi ya kiambishi -me- tunao wajibu wa kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Tunafundisha nini darasani? Tunafundisha kwamba "barua inaandikwa" ni tendo ambalo lingali linaendelea. "Barua itaandikwa" ni tendo linalotazamiwa. Na "barua imeandikwa" ni tendo lililokwisha timia, na matokeo yake yangalipo. Mwanafunzi anayechanganya hayo tunamkosoa kwa wino mwekundu. Basi na tutazame jinsi maktaba za kompyuta zinavyoyachanganya bila ya kukosolewa na mtu.

Vituo vinne

Kwanza nieleze maana ya "maktaba" katika fani hii. Si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kutungwa na wenye lugha, ambazo mtunga programu huzitumia bila ya kuzitunga upya. Anayetaka kuandika alama za wanafunzi katika diski hahitaji kujua jinsi sumaku inavyogeuzwa juu ya kisahani. Huita amri ya maktaba ya lugha yake, nayo maktaba hufanya yaliyobaki. Au ndivyo anavyoambiwa.

Ukweli ni kwamba maneno yaliyoandikwa hupita vituo vinne kabla ya kutulia. Kituo cha kwanza kimo ndani ya programu yenyewe: ni nafasi ya kungojea ambayo mafundi huiita bafa. Maktaba hukusanya humo vipande vidogo vidogo mpaka vijae, ndipo ivipeleke mbele kwa pamoja. Katika lugha ya Java bafa ya kawaida ya kuandikia ina ukubwa wa baiti 8,192. Katika Rust ni kiasi hichohicho. Katika Go ni baiti 4,096. Kituo cha pili ni mfumo endeshi wa kompyuta, ambao nao huziweka data hizo katika kumbukumbu ya muda, ile inayosahau kila kitu mara umeme ukatikapo. Mfumo wa Linux, katika mpangilio wake wa kawaida, huamka kila baada ya sekunde 5 kutazama lililopo la kupelekwa, na huhesabu kwamba data zimekaa vya kutosha zikifikisha sekunde 30. Kituo cha tatu ni kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe, ambayo katika diski nyingi nayo husahau umeme ukikatika. Kituo cha nne, na cha mwisho, ni kile kisahani chenye sumaku, au vijiwe vya kuhifadhia katika diski za kisasa. Hapo tu ndipo mtu mwenye kusema kweli angeweza kutamka kwamba jambo limehifadhiwa.

Sasa swali: amri ya "andika" hujibu "tayari" ikiwa katika kituo gani? Hujibu katika kituo cha kwanza, au ikizidi sana katika kituo cha pili. Ni kama karani anayemwambia mwalimu mkuu kwamba ripoti imekwisha kuwekwa katika masijala ya wilaya, kumbe ingali katika trei juu ya meza yake, na tarishi hajaja kuichukua. Karani huyo tungemwita kwa barua ajieleze. Maktaba ifanyayo hivyo huitwa ya kisasa.

Tupime kwa hesabu. Mwalimu wa mitihani ameingiza alama za wanafunzi 160, na kila mwanafunzi ana mstari wa baiti 40. Jumla yake ni baiti 6,400. Bafa ya baiti 8,192 haijajaa. Ikiwa programu itakufa ghafla wakati huo, na mtunzi wake hakuiagiza maktaba kumwaga kilichomo, hakuna hata alama moja iliyotoka nje ya programu, ingawa amri ya "andika" imeitwa mara 160 na kila mara imejibu kwamba mambo ni mazuri. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hii ndiyo falsafa ya maktaba hizi. Lakini katika miji yetu mingi umeme hukatika bila ya taarifa, na aghalabu giza hutangulia kufika kabla ya hilo lijalo.

Udhuru wa kasi

Sitaki kuwadhulumu watunzi wa maktaba. Bafa haikubuniwa kwa hila. Diski ya sahani izungukayo mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 8. Kama kila mstari ungengojea mpaka kisahani kigeuke na kuthibitisha, programu ingeweza kuandika mistari mia moja hivi kwa sekunde, ilhali kuinakili mistari hiyohiyo katika kumbukumbu ya muda ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kukusanya mizigo midogo na kuipeleka kwa pamoja ni busara ambayo kila dereva wa lori anaijua. Anayesema bafa zifutwe hajui anenalo.

Lawama yangu haiko kwenye kuchelewesha. Iko kwenye kuchelewesha na papo hapo kutumia kitenzi kinachoashiria kwamba kazi imekwisha. Dereva wa lori hamwambii mwenye mzigo kwamba mahindi yake yamefika sokoni wakati lori lingali linapakiwa.

Wala jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Dennis Ritchie na Ken Thompson wa Bell Labs nchini Marekani, walipoueleza mfumo wao wa Unix katika makala maarufu ya mwezi Julai 1974, walisema bila ya kuficha kwamba kwa mtumiaji kusoma na kuandika huonekana kama mambo yasiyopitia bafa yoyote, ilhali chini yake mfumo unaendesha utaratibu mgumu wa bafa ili kupunguza idadi ya safari za kwenda diskini. Yaani tangu mwanzo sura ya nje ilitengwa na hali ya ndani. Kwa muda mrefu palikuwapo amri ya jumla tu ya kuusukuma mfumo mzima umwage ulichonacho. Amri ya kudai uthibitisho wa faili moja, iitwayo fsync, ilitokea katika Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Zingatieni tarehe hizo. Kitenzi cha kuandika kilitangulia, na njia ya kuuliza kama kweli kimetimia kwa faili lako ilikuja miaka mingi baadaye. Lugha zilizozaliwa baada ya hapo zilirithi kitenzi kile, lakini nyingi kati yake hazikurithi swali.

Tuzipitie lugha zenyewe

Lugha ya C ndiyo bibi wa wengi. Kanuni yake rasmi ya mwaka 1989 inatoa amri ya kuandika, amri ya kumwaga bafa na amri ya kufunga faili. Haitoi amri yoyote ya kudai kwamba data zifike diskini, na hata matoleo yaliyofuata hayakuiongeza. Mtunga programu anayeitaka analazimika kutoka nje ya maktaba ya lugha yake na kwenda kuomba kwa mfumo endeshi. Hata kufunga faili si dhamana: mwongozo wa Linux wenyewe unasema kwamba kufunga kukifaulu hakumaanishi kwamba data zimekwisha kuwekwa katika diski. Mtu wa kawaida akisikia kwamba jalada limefungwa hudhani limerudishwa kabatini.

C++ iliongeza lake. Humo faili hufungwa lenyewe pale kitu kinachoiwakilisha kinapofikia mwisho wa maisha yake, na ikiwa wakati huo diski imejaa au imeharibika, hitilafu hiyo humezwa kimya. Kazi imepotea, na hakuna aliyepiga kelele.

Java ina amri iitwayo flush, neno la Kiingereza lenye maana ya kumwaga au kusukuma nje kilichobaki. Mwanafunzi wa Java huambiwa aiite ili "kuhakikisha" data zimeandikwa. Lakini maelezo rasmi ya amri hiyo yanakiri kwamba inahakikisha jambo moja tu, kukabidhi data kwa mfumo endeshi. Hayahakikishi kwamba zimefika katika diski. Amri ya kweli ya kulazimisha, iitwayo force, iliwekwa mahali pengine kabisa, ikaletwa na toleo la 1.4 la mwaka 2002. Tena maktaba hiyohiyo ina chombo cha kuchapia kiitwacho PrintWriter, ambacho amri zake za kuchapa hazitangazi hitilafu hata kidogo. Mtumiaji asipokumbuka kwenda kuuliza kwa amri nyingine, ataandika juu ya diski iliyojaa mpaka jioni akidhani anaandika.

Python inapendwa na walimu kwa wepesi wake, na ni kweli ni nyepesi. Lakini anayetaka faili lake lifike diskini lazima aite flush kwanza, kisha achukue namba ya siri ya faili hilo na kuipeleka kwa amri ya fsync iliyomo katika maktaba ya mfumo endeshi. Hatua mbili, katika maktaba mbili, na ya pili haifai kitu ikitangulia ya kwanza. Je, ni kitabu gani cha mwanzo cha Python kinachomfundisha mtoto jambo hilo katika ukurasa uleule anaofundishwa kuandika faili?

Lugha changa zilikuwa na nafasi ya kujifunza kutoka kwa wazee wao. Rust, ambayo toleo lake la kwanza thabiti lilitoka mwaka 2015, inajivunia kumkataza mtunga programu asifanye makosa. Katika mengi majivuno hayo ni ya haki. Hata hivyo, bafa yake ya kuandikia inapoachwa ifikie mwisho wa maisha yake, hujaribu kumwaga kilichomo, na hitilafu ikitokea hupuuzwa; maelezo yake yenyewe yanaonya hivyo. Lugha inayokataa kabisa kutafsiri programu kwa sababu ya kosa dogo la kuazimana kumbukumbu, inanyamaza kimya alama za wanafunzi zinapopotea. Katika Go, kulifunga faili hakumwagi bafa iliyowekwa juu yake, na desturi iliyoenea ni kuagiza faili lijifunge mwishoni bila ya mtu kulitazama jibu lake.

Hata jina moja halina maana moja. Katika kompyuta za Apple, amri ya kawaida ya fsync huzifikisha data katika diski lakini haiilazimishi diski izitoe katika kumbukumbu yake ndogo. Kwa hilo pana agizo maalumu. Go na Rust hulitumia agizo hilo maalumu kwa niaba ya mtunga programu, nalo ni jambo la kusifiwa. Python huita fsync ya kawaida. Kwa hiyo watu wawili wenye mashine za namna moja, wakiomba kitu kimoja kwa lugha mbili, hupewa ahadi mbili tofauti. Sisi katika isimu tukikuta neno la namna hiyo tunaliwekea alama katika kamusi.

Yaliyotokea

Asidhani mtu kwamba haya ni mabishano ya vitabuni. Mwishoni mwa mwaka 2008 Linux ilitangaza kwamba utaratibu mpya wa kupanga mafaili, uitwao ext4, umekomaa na uko tayari kutumiwa. Mwaka 2009 watumiaji wakaanza kulalamika kwamba baada ya kompyuta kuzimika ghafla walikuta mafaili matupu: jina lipo, lakini ndani hamna hata baiti moja. Sababu ilikuwa kwamba utaratibu mpya ulichelewesha kuzitafutia data nafasi katika diski, ili kuongeza kasi. Utaratibu wa zamani, ext3, ulikuwa ukifunga hesabu zake kila sekunde 5, na programu nyingi zilikuwa zikiokoka kwa bahati hiyo bila ya kujua. Theodore Ts'o, mtunzaji mkuu wa ext4, alieleza kwamba kanuni haikuvunjwa: programu hizo hazikuwahi kuomba uthibitisho. Watumiaji nao wakajibu kwamba waliandika, wakafunga, wakategemea. Mwishowe Ts'o aliongeza vipengele vinavyoutambua mtindo huo wa programu na kuharakisha uandikaji wake. Kila upande ulikuwa na haki kwa kamusi yake. Ugomvi mzima ulikuwa wa maana ya kitenzi.

La mwaka 2018 lilikuwa kubwa zaidi. PostgreSQL ni hifadhidata mashuhuri, na watunzi wake si wageni wa fsync, waliiita daima. Mwezi Machi mwaka huo mmoja wao, Craig Ringer, aliwaarifu wenzake jambo la kushtusha. Linux iliposhindwa kuandika data katika diski, fsync ilirudisha hitilafu mara moja; kisha mfumo ukaziwekea data hizo alama kana kwamba ni safi, zisizo na haja ya kuandikwa tena. PostgreSQL, kwa nia njema, ilijaribu mara ya pili. Mara ya pili fsync ikajibu kwamba mambo ni mazuri. Data hazikuwa katika diski, na sasa hapakuwa na anayejua hivyo. Kwa muda wa miaka ipatayo 20 watunzi wa PostgreSQL walikuwa wameielewa amri hiyo tofauti na waliyoitunga. Dawa waliyoipata, katika matoleo ya Februari 2019, ilikuwa chungu: fsync ikishindwa hata mara moja, hifadhidata nzima ijizime na kuanza upya kutoka katika daftari lake la matukio.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichunguza programu tano zinazotegemewa sana, yaani PostgreSQL, SQLite, LevelDB, LMDB na Redis, waone zinafanya nini fsync ikishindwa. Walikuta kila moja ina mbinu zake, na hakuna ambayo mbinu zake zinatosha. Ikiwa mabingwa hao hawakuafikiana juu ya maana ya "imeandikwa", sembuse kijana wa mwaka wa kwanza anayetunga programu ya ada za shule?

Majibu kwa wanaotetea

Utetezi wa kwanza ni kwamba yote haya yameelezwa katika miongozo. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimeyachota humohumo. Lakini mwongozo hauwezi kuhalalisha jina la uongo. Mwenye duka akiandika "maziwa" juu ya chupa ya maji, na ndani ya daftari lake nyuma ya kaunta akaeleza kwamba kwa "maziwa" anakusudia maji yatakayogeuzwa kuwa maziwa baadaye, daftari hilo halitamwokoa. Jina ndilo mwongozo wa kwanza, na kwa watu wengi ndilo mwongozo wa pekee.

Utetezi wa pili ni kwamba mwenye data za thamani atumie hifadhidata, na aziache amri za chini. Ushauri huu una faida yake. SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, katika mpangilio wake wa kawaida haisemi kwamba muamala umekamilika mpaka imedai uthibitisho wa diski, na hiyo ni adabu njema ya lugha. Lakini hifadhidata nayo imejengwa juu ya amri zilezile, kama tulivyoona mwaka 2018. Kumpeleka mtu ghorofani hakuponyi ufa ulioko katika msingi.

Utetezi wa tatu ni kwamba kila mtunga programu anajua mahitaji yake, basi aachiwe achague. Nakubali achague. Lakini huwezi kumpa mtu hiari kati ya mambo mawili yenye jina moja. Hiari huanza pale kila jambo linapokuwa na jina lake.

Tunachodai

Kwanza, maktaba zitenge vitenzi vitatu. Data zikiingia katika bafa ya programu, zimepokelewa. Zikikabidhiwa mfumo endeshi, zimepelekwa. Diski ikikiri kwamba imezitia mahali pasiposahau, zimethibitishwa. Kiswahili kina maneno hayo matatu tayari, wala hatuhitaji kamati ya istilahi kukaa mwaka mzima kuyatafuta. Lugha za kompyuta nazo, zikitaka, zitapata yake.

Pili, kufunga faili kusiwe tendo la kimya. Amri ya kufunga ikishindwa kumwaga kilichobaki, ilete habari hiyo mbele ya mtunga programu kwa namna asiyoweza kuipita bila ya kuiona. Maktaba inayomeza hitilafu haina tofauti na msimamizi wa mtihani anayekuta karatasi zimelowa akazifunga katika bahasha na kutia lakiri.

Tatu, pawe na amri moja ya kubadilisha faili kwa usalama. Leo anayetaka kuweka toleo jipya la faili mahali pa toleo la zamani, bila ya kuhatarisha yote mawili, lazima afuate hatua tano kwa mkono wake: aandike faili jipya kwa jina la muda, amwage bafa, adai uthibitisho, abadilishe jina kuwa lile la asili, kisha adai uthibitisho wa orodha yenye jina hilo, kwa kuwa katika Linux kuthibitisha faili si lazima kuwe kumethibitisha jina lake katika orodha. Maktaba zinazojitapa kwa maelfu ya amri, zikiwemo za kupamba maandishi na kuhesabu sikukuu, mara nyingi hazina amri moja inayokusanya hatua hizo tano. Jambo linalohitajiwa na kila mtu limeachwa kila mtu alibahatishe.

Yako pia yanayotuhusu sisi, ndugu walimu. Programu nyingi sasa zinatafsiriwa kwa Kiswahili, na wako miongoni mwetu wanaoitwa kusaidia. Neno lililoshika nafasi ni "hifadhi". Ni neno zito. Mtu aliyehifadhi Kurani hakuisoma mara moja akaenda zake. Imekaa kifuani mwake. Mbuga ya hifadhi ni mahali palipokingwa. Neno hilo tumelitoa kirahisi mno, tukalipachika juu ya kitufe ambacho mara nyingi huzikabidhi data kwa bafa na kuziaga. Mfasiri ambaye ni mwalimu aulize kwanza programu inafanya nini. Ikiwa kazi ingali njiani, iandikwe "Inahifadhiwa", au "Imepokelewa". "Imehifadhiwa" lisubiri mpaka diski ijibu. Mtunzi akisema hawezi kujua diski imejibu lini, basi ajibiwe kwamba sentensi anayoiomba haiwezi kutafsiriwa kwa sababu si ya kweli.

Na katika vipindi vyetu vya sarufi, tunapofundisha njeo na hali, mfano wa faili una manufaa leo kuliko mfano wa Juma na embe. Mwulizeni mwanafunzi tofauti ya "linaandikwa", "limeandikwa" na "limehifadhiwa", kisha mwulizeni ni wakati gani mashine ina haki ya kutumia kila moja. Wako miongoni mwa wanafunzi hao watakaokuja kutunga programu, na huenda mmoja wao akatunga maktaba. Akifika huko akiwa na adabu ya kiambishi -me-, atakuwa na jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakuwa nalo.

Wazee walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari zetu za alama, za ada, za vyama vya ushirika na za zahanati sasa zinaingia katika mashine moja baada ya nyingine. Tuna haki ya kudai kwamba mashine ikisema imeandika, iwe imeandika. Na kama bado, iseme bado. Kiswahili kina neno hilo, nalo ni fupi.